Madini ya Uji na Maisha ya Abiria

Wazee wetu wa mwambao walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Walikusudia chombo cha baharini, lakini leo maneno hayo yanafaa kusemwa pia juu ya gari. Abiria huiona gari inakwenda. Haoni kazi iliyofanywa ndani ya madini yake hata ikaweza kwenda salama. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, kwani katika kutolijua mna hatari ya roho za watu.

Hivi karibuni tulisimama katika gereji moja ya mjini. Fundi alikuwa ameung'oa mkono wa alumini unaoshika gurudumu la mbele, nao umepinda kwa kuingia shimoni. Akaupiga moto wa gesi, akaugonga kwa nyundo mpaka ukanyooka, akaurudisha mahali pake. Gari ikaondoka na abiria wake. Fundi yule si mzembe. Alifanya kama alivyofundishwa kukifanyia chuma. Kosa ni kwamba kile hakikuwa chuma.

Alumini, kwa ujazo ule ule, ina uzito wa kiasi cha thuluthi moja tu ya chuma. Ndiyo sababu viwanda vya magari huipenda: gari nyepesi hula mafuta kidogo, na gari ya umeme, ambayo betri zake ni nzito, huenda mbali zaidi. Lakini wepesi bila ya nguvu ni udanganyifu, na nguvu ya alumini hutegemea sana namna ilivyosubiwa, yaani ilivyomiminwa katika kalibu.

Katika njia iliyozoeleka, madini yaliyoyeyuka kabisa husukumwa kwa kasi ndani ya kalibu ya chuma. Huruka na kutawanyika, yakafumbata hewa. Na yanapoganda hunywea, yakaacha vitundu. Kwa nje kifaa huwa kizuri, kwa ndani kina pumzi. Mara nyingi kifaa cha namna hiyo hakiwezi kutiwa nguvu kwa moto, kwani hewa ile hutanuka na kukiotesha malengelenge.

Dawa ya maradhi haya ilipatikana bila ya kutazamiwa. Mwaka 1971, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanafunzi David Spencer, chini ya mwalimu wake Merton Flemings, alikuwa akichunguza kwa nini madini hupasuka yanapoganda. Alikoroga mchanganyiko wa bati na risasi huku ukipoa, akaona ajabu. Madini yaliyoachwa kutulia huanza kukaza hata kabla robo yake haijaganda. Lakini yaliyokorogwa bila ya kusita yalibaki laini kama uji, hali sehemu kubwa yake imekwisha ganda.

Sababu yake ni hii. Madini yakipoa kwa utulivu huota chembe zenye matawi, nayo matawi hushikana kama mizizi ya mikoko. Yakikorogwa, chembe huwa za mviringo mfano wa choroko, zikateleza zenyewe kwa zenyewe. Wapika halua wa Wete watatufahamu vyema: mwiko usiosita ndio unaoamua kitu kitakavyokuwa.

Kwa njia hiyo, alumini iliyochanganywa na silikoni huingizwa katika kalibu ikiwa nusu imeganda, katika joto la karibu nyuzi 580. Huijaza kalibu kwa taratibu, haifumbati hewa, hunywea kidogo, na kalibu yenyewe hudumu zaidi. Kifaa kinachotoka huweza kupashwa mpaka kiasi cha nyuzi 540, kikazimwa ghafla ndani ya maji, kisha kikaokwa kwa saa kadhaa katika joto la karibu nyuzi 170. Hapo ndipo kinapopata nguvu yake. Vifaa vya breki na mikono ya magurudumu vimetengenezwa hivyo.

Mwanzoni viwanda vilinunua kwa wengine mapande yaliyokorogwa tayari, kwa bei ghali, na mabaki havikuweza kuyatumia tena vyenyewe. Katika miaka ya 1990, huko Japani, uji ulianza kupikwa kando ya mashine, na mabaki yakarudi katika tanuri ya kiwanda kile kile. Anayetegemea cha mwenziwe hulipa mara mbili.

Sasa turejee kwetu. Gari nyingi zinazoteremshwa katika bandari ya Malindi zimekwisha tumika Japani, nazo zina vifaa vingi vya alumini. Vingine vimesubiwa kwa uji, vingine kwa njia ya kawaida, vingine vimefuliwa. Kwa macho havitambulikani. Lakini kilichopewa nguvu na moto wenye kipimo huvuliwa nguvu hiyo na moto usio na kipimo. Na alumini ina hila yake: chuma huiva kikawa chekundu, kikamwonya fundi, alumini haigeuki rangi mpaka inapoyeyuka.

Kwa hivyo tunatoa rai tatu. Kwanza, skuli za amali na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, iliyopo Mbweni, ziyafikishe maarifa haya mpaka kwa mafundi walioko magerejini, na si kwa wanafunzi peke yao. Pili, wakaguzi wa vyombo vya moto wavitazame vifaa vya alumini vya breki na magurudumu, na kilichopigwa moto au kuungwa kisiruhusiwe kubeba abiria. Tatu, wenye gari wakubali kununua kifaa kizima badala ya kumlazimisha fundi akinyooshe kilichopinda, kwa kuwa mara nyingi ni wao wanaomwambia aifanye kazi kwa bei ya chini.

Fundi asilaumiwe kwa asilofundishwa. Lakini sisi wenye dhamana ya kumfundisha tukikaa kimya, lawama ni yetu, na ajali itakapotokea hatutakuwa na la kujitetea.