Kuvua Jina la Ukimbizi Katumba na Mishamo

Miongoni mwa mambo mazito anayoweza kutakiwa mwanadamu ni kuukana uraia wa nchi ya wazee wake. Na jambo hilo lilitakiwa kwa maelfu ya wakazi wa Katumba na Mishamo, makazi mawili ya mkoa wa Katavi yaliyofunguliwa mwaka 1973 na 1978 kuwahifadhi Warundi waliokimbia mauaji ya Wahutu ya mwaka 1972.

Walipofikishwa huko walikuta pori la miombo, wakafyeka, wakang'oa visiki, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Hata hivyo mkulima aliyetaka kutoka nje ya makazi alitakiwa kuwa na kibali mkononi. Mwanazuoni Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta watu wa Mishamo wamelishika jina la ukimbizi kama amana, kwani kwao lilikuwa ushahidi wa dhuluma waliyotendewa na ahadi ya kurejea kwao. Ilhali wenzao wa Kigoma mjini, waliochanganyika na wenyeji kwa ndoa na biashara, aghalabu hawakupenda kuitwa hivyo.

Miaka ikapita, watoto wakazaliwa wasioijua Burundi ila kwa masimulizi. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliulizwa: kurejea, au kuomba uraia wa tajnisi? Takriban wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Na kwa kuwa sheria ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, ilibidi kuukana uraia wa Burundi. Kufikia mwaka 2010, watu zaidi ya 162,000, wakihesabiwa pamoja na wale wa Ulyankulu mkoani Tabora, walikuwa wamekubaliwa. Lakini vyeti vikazuiliwa, maana serikali ilikusudia kwanza kuyafunga makazi hayo na kuwatawanya watu katika mikoa mingine. Azma hiyo ilikwama, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, wenye kuvipokea wakiruhusiwa kubaki walipo.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Na watu hawa, kwa muda wa miaka minne, walikaa hawana mbachao wala msala, hawajui kama shamba walilolipanda ndilo watakalolivuna. Wako wasemao kuwa mwacha asili ni mtumwa, nami siafiki kwamba neno hilo linawahusu, kwani aliyeukana uraia hakuikana nasaba yake, wala Kirundi alichonyonya kwa mama yake. Tanzania ilitenda ihsani kubwa, ambayo mataifa mengi yenye mali kuishinda hayajathubutu kuitenda. Lakini ihsani hutimia pale tu ambapo dola inayomtaka mtu avue uraia wake wa zamani humvika ule mpya siku ile ile.