Kumkumbuka Babu: Kaburi Zuri Peke Yake Halitoshi



Tangu mwaka 2021 Kanisa Katoliki huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee katika Dominika ya nne ya mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo ilianzishwa na Baba Mtakatifu Fransisko. Nasi katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja na kamati za parokia na wafadhili wetu swali moja: babu tuliyempenda anapofariki, tumkumbuke namna gani? Tunatoa mfano wa Mkoa wa Kagera, ingawa mengi tunayoyasema yanahusu pia sehemu nyingine za Tanzania Bara.

Babu tunayemzungumzia

Kila kigango kinamfahamu. Ndiye aliyepanda migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, yaani kibanja, ambamo na wazee wake wamezikwa. Ndiye aliyefundisha katekisimu chini ya mti kabla kigango hakijapata kanisa la matofali. Padre alipokuwa mbali aliongoza ibada ya Jumapili, akawatembelea wagonjwa na kuwazika wafu. Malipo yake mara nyingi yalikuwa ni shukrani tu.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata, nyumba nyingi zilipoteza baba na mama kwa pamoja. Babu na bibi, waliotarajia kutunzwa na watoto wao, wakaanza upya kutafuta sare za shule, madaftari na sabuni kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu hao leo ni watu wazima wenye familia zao. Wanaposema "babu alitulea", hawatii chumvi.

Wasifu uandikwe angali hai

Tumezoea kuandika wasifu wa marehemu usiku wa kuamkia mazishi, kwa haraka, huku watu wakiulizana mwaka aliozaliwa. Matokeo yake tunasomewa idadi ya watoto na wajukuu, halafu ugonjwa uliomchukua. Maisha ya miaka 80 yanamalizika kwa dakika tano.

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno, lakini neno lisiloandikwa huondoka na mwenyewe. Tunashauri kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwachague vijana wawili wanaoandika vizuri, wakae na wazee wao mmoja baada ya mwingine. Wamuulize mzee: Nani alikufundisha kusali? Kanisa letu lilijengwaje, na nani alitoa kiwanja? Ni jambo gani gumu lililoipata familia, na mlilivukaje? Ungependa wajukuu washike nini? Majibu yaandikwe katika daftari, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine parokiani.

Hatari inayoanza baada ya matanga

Hapa tunagusa jambo ambalo wengi huona aibu kulisema msibani. Watu wanaweza kuchangishana fedha nyingi kwa ajili ya jeneza, chakula na vigae vya kaburi, na miezi michache baadaye bibi akaambiwa afungashe vitu vyake. Wanaomwambia hivyo ni ndugu wale wale waliolia kwa sauti.

Kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Sasa tujiulize: bibi ambaye watoto wake wote wamelala kibanjani atatunzwa na nani? Na mjukuu yatima atasemewa na nani katika kikao cha ukoo?

Hata hivyo, mila siyo neno la mwisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Aidha, mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa Tanzania waliofukuzwa nyumbani na ndugu wa waume zao. Kamati iliona kwamba haki zao zilivunjwa, ikataka sheria zirekebishwe.

Wosia ni sauti ya babu

Wazee wengi huogopa kuandika wosia, wakidhani ni kujiita kifo. Tuwaeleweshe kwa upendo kwamba wosia ni tendo la kulea. Ni babu akiendelea kuwalinda wake baada ya kufumba macho.

Mfano mzuri unatoka Kagera kwenyewe. Mzee mmoja alimwachia binti yake shamba la ukoo kwa wosia. Binti alipoliuza mwaka 1988, ndugu wa ukoo alimshitaki, akidai kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza ilimpa haki binti huyo, na hukumu hiyo imesomwa na wanasheria wengi tangu wakati huo.

Kwa kanuni za kimila, wosia wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika, uwe na tarehe, na mzee aweke sahihi au dole gumba akiwa na akili timamu. Mzee anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Zaidi ya hayo, pale kijiji kinapotoa hati za hakimiliki ya kimila, babu na bibi waombe hati iandikwe majina yao wote wawili.

Msimamizi wa mirathi si mmiliki

Babu akifariki, kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 ili cheti kipatikane. Kisha familia hukaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Kwa mzee aliyeishi kwa kufuata mila, maombi hupelekwa mahakama ya mwanzo, pamoja na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo.

Msimamizi ni mtumishi wa warithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa haki ya kila mmoja na kurudisha taarifa mahakamani. Mahakama ya mwanzo humpa muda wa miezi minne. Anayejigeuza mwenye mali anaweza kulalamikiwa katika mahakama hiyo hiyo na kuondolewa. Bibi na wajukuu wakumbushwe kwamba wana haki ya kuhudhuria kikao, na majina yao yaonekane katika muhtasari.

Utumishi wake nao una warithi

Babu hakuacha kibanja peke yake. Aliacha pia nafasi ya katekista, funguo za kanisa, orodha ya wagonjwa aliowapelekea uji, na watoto aliowafundisha sala. Mambo haya hayagawiwi mahakamani, lakini yasipopata mrithi hufa. Ni vyema kila katekista mzee apewe kijana wa kutembea naye angali na nguvu.

Tunaomba kila kamati ya parokia ifanye mambo manne kabla ya Julai ijayo:

1. Iandike orodha ya wazee wanaolea wajukuu.
2. Iwaalike wazee na mwanasheria au msaidizi wa kisheria kwa siku moja ya mafundisho ya wosia.
3. Iteue mtu wa kuisindikiza familia yenye msiba hadi mirathi ifungwe, bila kuishia siku ya mazishi.
4. Ianzishe daftari la kumbukumbu za wazee.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: nauli ya bibi kwenda mahakamani na ada ya cheti ni fedha ndogo, lakini ndizo zinazoamua kama mjukuu atabaki chini ya paa alilolelewa.

Kaburi la babu lijengwe, maana heshima ni kitu bora. Lakini jioni ya siku ya kumbukumbu yake moshi ukionekana jikoni kwa bibi, na mjukuu akiongoza rozari katika jumuiya, hapo tujue babu amekumbukwa kweli.

Mwenyezi Mungu awajalie wazee wetu waliotangulia pumziko la milele, na walio hai awape afya na amani.