Tarehe Unayoijaza Mtandaoni: Siku Kwanza au Mwezi Kwanza?

Nchini Tanzania tumezoea kuandika siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Nchini Marekani mwezi ndio hutangulia. Tofauti hii huonekana ndogo, lakini fomu ya mtandaoni haina karani wa kumuuliza mteja alikuwa na maana gani.

Tuseme mlaji wa Mwanza ananunua bima ya safari ya siku 20 katika tovuti ya Marekani. Atasafiri tarehe 7 Agosti 2026, hivyo anajaza 07/08/2026. Mfumo unasoma tarehe 8 Julai. Bima yake itaanza siku hiyo na kwisha tarehe 27 Julai, naye atapanda ndege bila kinga yoyote, huku akiwa na risiti halali mkononi.

Kosa hili ni gumu kugundulika, kwa kuwa tarehe zote mbili zipo katika kalenda. Angeandika 25/08/2026, mfumo ungekosa mwezi wa 25 na kwa kawaida ungeikataa. (Zipo programu ambazo badala ya kukataa hugeuza siku na mwezi kimyakimya, hizo tunaziona kuwa mbaya zaidi, maana leo husoma hivi na kesho vile.) Hatari basi imo katika siku 12 za mwanzo wa kila mwezi. Ukiondoa zile ambazo namba ya siku na ya mwezi ni moja, kama 05/05, hubaki siku 132 kwa mwaka zinazoweza kusomwa kwa namna mbili.

Utafutaji wa kumbukumbu nao huathirika. Anayeomba taarifa ya malipo yake kuanzia 05/08 hadi 11/08 hutarajia miamala ya wiki moja. Mfumo uliosoma mwezi kwanza humletea ya miezi sita, Mei hadi Novemba.

Wenye tovuti wanayo dawa. Kiwango cha kimataifa ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, huandika mwaka, mwezi, kisha siku: 2026-08-07. Fomu yenye kalenda ya kubofya kwa kawaida hutuma tarehe kwa mpangilio huo, ingawa kinachoonekana machoni hufuata lugha ya kifaa. Simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani huweza kukuonyesha mwezi kwanza hata kwenye tovuti ya hapa nchini.

Kwa hiyo, penye kalenda bofya siku yenyewe, usiandike namba. Pasipo kalenda, tazama mfano uliowekwa kando ya kisanduku. Kabla ya kulipa, soma ukurasa wa uthibitisho na utafute jina la mwezi kwa maneno. Usipoliona, mwandikie muuzaji athibitishe. Piga picha ya ukurasa huo. Tarehe ikitokea kugeuzwa, lalamika kwa maandishi siku hiyohiyo, ukiambatanisha picha hiyo na risiti.