Foto ya juu na watu wa chini

Kuna foto moja ambayo wengi wetu tuliiona shuleni: wingu kubwa sawa uyoga, linapanda juu ya mji wa Hiroshima, kule Japani. Ni tarehe 6 Agosti 1945. Aliyeipiga hakuwa mpiga foto wa kazi. Alikuwa George Caron, askari wa bunduki aliyekaa mkiani mwa Enola Gay, ndege ya Wamarekani iliyotupa bomu. Ndege ilipogeuka kukimbia, yeye alikuwa anatazama nyuma, na mkononi alikuwa na aparei ya foto, Fairchild K-20.

Sisi wachimbaji foto ile inatuhusu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka kwetu Kongo, katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, uliokuwa wa Union Minière. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,200 za mawe yale, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Ni wazee wetu walioyachimba na kuyachambua kwa mikono. Wingu linajulikana dunia nzima. Lakini nani amekwisha kuona sura ya mchimbaji mmoja wa Shinkolobwe? Foto inaonyesha paka kile ambacho mwenye aparei ametazama.

Juu ya hiyo, tuitazame aparei yenyewe. K-20 ilitengenezwa Marekani wakati wa vita, kati ya 1941 na 1945, karibu 15,000. Iko nzito, karibu kilo 5, na inashikwa kwa mikono miwili. Filimu yake ni pana, kila foto sentimita 10 kwa 13. Ndani kuna kifaa kinachovuta hewa nyuma ya filimu, ili filimu ilale sawasawa isijikunje. Lenzi imefungwa kwa kutazama mbali tu. Hakuna cha kurekebisha. Mlango wa mwanga unafunguka kwa haraka sana, kutoka sehemu moja ya 125 mpaka sehemu moja ya 500 ya sekunde, juu ndege inakimbia na inatetemeka.

Kazi ya mpigaji ni hii: asiegemeze mikono wala aparei kwenye ukuta wa ndege, kwa sababu mtetemo wa mota utaingia kwenye foto. Mwili wake ndio unazuia mtetemo. Avute filimu, alenge, ashike pumzi, apige, avute tena.

Mtasema: sisi hatuna ndege, hayo yanatusaidia nini? Tuje hapa Bukavu, kwa Funu, komini ya Kadutu. Kila mtu wa Kadutu anajua ule udongo unatembea, nyumba zinapasuka. Mwaka 2022 watafiti walitoa kazi yao juu ya mporomoko huo. Walichukua foto za zamani zilizopigwa na ndege wakati wa Wabelgiji, kwa aparei zilizofungwa ndani ya ndege, wakazilinganisha na picha mpya za satelaiti. Wakafuata mwendo wa kilima kwa miaka karibu 70. Waliona kwamba pale mji ulipojaa, udongo uliongeza mwendo, na maji yasiyo na mfereji na mabomba yanayovuja yako ndani ya sababu. Foto moja peke yake haisemi kitu. Foto mbili za mahali pamoja, za siku tofauti, ndizo zinaongea.

Sasa tukumbuke Kamituga. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kali ilijaza mashimo ya dhahabu, na wachimbaji karibu 50 walihofiwa kufa. Kule hakukuwa bomu. Ilikuwa maji na udongo.

Sisi wa sindika tulianza kufanya jambo dogo kwenye machimbo moja tunayoyajua. Kila Jumamosi asubuhi tulipanda kilima cha ngambo na telefone ya kawaida, tukapiga foto ya mlima wetu. Mara ya kwanza PDG wa shimo alitucheka, akasema tunacheza. Wiki ya sita, mama mmoja twangaise ndiye aliona, siyo sisi: mti uliokuwa umesimama wima kwenye foto ya kwanza, sasa umeinama, na juu yake kuna mstari mweusi. Tulipanda kuangalia. Ilikuwa ufa, mguu unaingia. Tulibishana siku mbili na PDG, juu shimo lilikuwa limeanza kutoa. Mwishoni vijana wenyewe walikataa kushuka. Mvua ilipokuja, upande ule ulianguka, na mashimo matatu yakafunikwa. Ndani hakukuwa mtu.

Basi, kwa wenye kutaka kufanya vile, sheria ni zile za K-20. Simama ngambo, mahali pamoja kila mara, weka jiwe la alama. Shika telefone kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni, usiegemee pikipiki inayonguruma. Usivute picha karibu; chukua mlima mzima, pamoja na kitu kisichotembea, kama mwamba au kanisa. Piga asubuhi, jua likiwa la pembeni, kwa sababu kivuli ndicho kinaonyesha ufa. Andika tarehe. Kisha linganisha, na waite akina mama na watoto watazame pia. Tafuteni mti ulioinama, ufa mpya, maji yanayotoka mahali palipokuwa pakavu. Mkiona moja ya hayo, tokeni kwanza, mjadala baadaye.

Tena, ombeni ruhusa kwa shefu wa kijiji na kwa komite, na waelezeni askari waliopo. Telefone iliyoinuliwa bila maelezo inaweza kumletea mtu matatizo. Na msidanganyike: foto haishiki udongo. Bila mifereji na mbao za kutegemeza shimo, itakuwa paka kumbukumbu ya marehemu.

Caron alipiga foto kisha bomu limekwisha kuanguka. Hakuwa na njia nyingine. Sisi tunaweza kupiga mbele. Wazee wa Shinkolobwe hakuna aliyewatazama kutoka juu wala kutoka ngambo. Sisi tutazamane wenyewe, kila Jumamosi, mvua haijaanza.