Karai la Mackinnon Road

Anayesafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi hakosi kuuona msikiti ulio kando ya reli pale Mackinnon Road, Kwale. Hapo ndipo alipozikwa Seyyid Baghali Shah. Husimuliwa kuwa alikuwa mjenzi wa reli, na karai la zege alilobeba lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa.

Karai hilo lina ndugu yake jikoni. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli hadi Kisumu. Posho yao ilikuwa unga wa ngano, mchele, dengu na samli. Pwani ilikwisha kuwajua Wahindi zamani, lakini reli ndiyo iliyoipandisha chapati bara.

Waduruma, wenyeji wa nyika hiyo, wana chao: wari, yaani sima, kwa mtsunga. Mboga hiyo chungu huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha ikaungwa kwa tui. Ngano hailimwi katika nyika ile kavu, hununuliwa dukani. Mtsunga huota wenyewe mvua inyeshapo.

Akina mama, karai la Wahindi mlipe nafasi yake, lakini chungu cha mtsunga msikitupe.