Magogo ya Biskupin: Kijiji Kilichohifadhiwa na Maji

Mti ukifukiwa katika udongo wenye unyevu na hewa huoza upesi. Hata hivyo, huko Biskupin, kijiji cha mashambani nchini Polandi, zimo ardhini nguzo za nyumba zilizojengwa yapata miaka 2,700 iliyopita. Je, zilisalimikaje?

Mwaka 1933 mwalimu wa shule ya kijiji hicho, Walenty Szwajcer, aliona magogo yaliyochongwa yakichomoza kando ya ziwa, ambalo maji yake yalikuwa yameshuka. Alitambua kuwa hiyo ni kazi ya mikono ya watu wa kale, akatoa taarifa. Mwaka 1934 Profesa Józef Kostrzewski wa Chuo Kikuu cha Poznań alianza kuchimbua. Palifunuliwa makazi yenye eneo la hekta 2 hivi: nyumba za mbao zipatazo mia moja, zilizopangwa kwa safu na kulingana kwa ukubwa, njia zilizotandikwa magogo, na boma la mbao na udongo lililozunguka yote.

Sababu ya kusalimika kwake ni ya kikemia. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji oksijeni. Maji ya ziwa yalipopanda na kuyafunika makazi hayo, tope lililolowa halikupitisha hewa ya kutosha, na kazi ya kuvu ikazuilika.

Umri wa magogo hayo umepimwa kwa pete za ukuaji. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mwaloni huongeza pete moja kila mwaka: pana katika mwaka wa neema, nyembamba katika mwaka wa dhiki. Mfuatano wa pete za miti iliyo hai huunganishwa na ule wa mbao za zamani, na ule wa mbao za zamani zaidi, hata ikapatikana kalenda ya maelfu ya miaka. Iwapo pete ya mwisho chini ya gamba imekamilika, ni dhahiri kuwa mti ulikatwa baada ya ukuaji wa mwaka huo kukoma. Kwa njia hii imefahamika kwamba zaidi ya nusu ya mialoni iliyopimwa Biskupin ilikatwa katika majira ya baridi ya mwaka 738 kuingia 737 K.K.

Basi, waliojenga walikuwa nani? Kostrzewski alishikilia kuwa walikuwa wahenga wa Waslavi. Wakati Ujerumani ilipoikalia Polandi kwa mabavu, wachimbuzi wa kikosi cha SS walichimbua hapo kati ya 1940 na 1942, wakitafuta historia ya kuwatukuza Wajerumani. Kila upande ulitaka magogo yaseme lugha yake. Lakini hapakupatikana maandishi yoyote. Wataalamu huwaita wajenzi hao watu wa utamaduni wa Lusatia, jina la eneo linalotumiwa kutaja aina ya vyungu na vifaa vyao, wala si jina la taifa wala la lugha.

Hapa pana funzo kwa walimu na wanafunzi. Pete za mti zaweza kutaja majira ambayo shoka lilipiga. Haziwezi kutaja lugha ya aliyelishika. Mtafiti mwaminifu huutambua mpaka huo, hata pale taifa lake linapotamani jibu jingine.