Meza ya Zamani na Kiinua Mgongo



Wengi wetu katika mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda tunakaa katika nyumba za mwajiri. Ndani yake tumekuta meza na vitanda vilivyotumiwa na watu watatu au wanne kabla yetu. Siku ya kustaafu, karani wa nyumba huja na daftari. Katika shamba moja, wenzetu wawili walikatwa fedha za kiinua mgongo kwa sababu ya meza "mbovu". Meza zenyewe zilikuwa za mvule, imara kabisa, ila rangi imebambuka. Tawi likaamua: kabla karani hajafika, tutapaka rangi wenyewe.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulipaka juu ya masizi na mafuta ya kupikia, na mwezi haukuisha rangi ikabanduka kama ganda la kiazi. Sasa tunaanza kwa sabuni na maji ya moto (kunguni nao hupata haki yao), kisha tunaanika mpaka mbao zikauke kabisa. Nyufa tunaziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Tunapiga msasa, tunapaka praima, halafu rangi ya mafuta mikono miwili myembamba, na kati ya mkono na mkono tunangoja siku nzima. Wakati wa mvua tusijidanganye: rangi haikauki.

Lakini katika kupiga msasa ndipo penye hatari. Rangi nyingi za zamani, hasa nyeupe na za manjano, zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake likiingia mwilini hudhuru damu na mishipa ya fahamu, na mtoto mdogo huumia zaidi, akili yake ikadumaa. Si habari mpya. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 13, uliozuia rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo mengi, na kuwakataza vijana chini ya miaka 18 wasishike kazi hiyo viwandani. Nasi, miaka mingi baadaye, tulikuwa tukikwangua meza chumbani huku watoto wakitambaa chini yake!

Tumeacha. Tunafanyia kazi nje, watoto wako mbali, msasa umeloweshwa maji ili vumbi lisiruke, kitambaa kimefunika pua na mdomo, ingawa kitambaa hakizuii yote. Rangi ya zamani hatuichomi kwa moto, maana moshi wake ni sumu. Tukimaliza tunanawa kabla ya kula, na nguo za kazi zinafuliwa peke yake.

Mwenzetu wa tatu alipostaafu, karani aliizunguka meza mara mbili akaandika "nzuri", naye akalipwa fedha zake zote. Ila kopo la rangi na brashi tulinunua kwa mchango wetu, kwa kutunza mali isiyo yetu. Jambo hilo tumelipeleka katika mazungumzo na uongozi wa shamba, na bado tunadai jibu.